Leseni ya Kipa

Sijashika leseni ya mchezaji kwa mkono wangu tangu ile mechi ya Kamembe. Katibu wa timu ndiye anayezipanga, ndiye anayezipeleka kwa mwamuzi, ndiye anayezirudisha kwenye bahasha. Akiniomba nimshikie kidogo afunge kamba ya kiatu, naondoka. Wachezaji wameshazoea kunicheka. Wanasema kocha ana mganga aliyemkataza kugusa karatasi. Nawaacha waseme. Mganga angekuwa nafuu.

Nilikuwa beki wa kati. Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu walikuwa wamevuka mto Rusizi kama wakimbizi kabla sijazaliwa, na nilikua nikiiona Rwanda kila siku ng'ambo ya maji kama jirani asiyetaka kukuamkia. Nilicheza Bukavu, nikacheza Goma, nikaishia Bujumbura, ambako kwa mara ya kwanza nilipewa chumba changu peke yangu na kuitwa mchezaji wa kulipwa. Sikuwa mtamu wa kutazamwa. Kazi yangu ilikuwa kuondoa. Mpira ukija, nauondoa. Mtu akija na mpira, naondoa vyote viwili. Nilipendwa kwa hilo, na nilichukiwa kwa hilo, hadi siku nilipoteleza mbele ya mshambuliaji mmoja mwembamba asiye na kosa lolote, goti likageuka upande ambao goti haligeuki. Daktari alilibonyeza mara moja tu akatikisa kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na sikujua kazi nyingine hata moja.

Baada ya jenosidi, yale mauaji ya kimbari ya Rwanda, wazazi wangu walisema wakati wa kurudi nyumbani umefika. Nikawafuata na goti langu. Tulipata nyumba Kamembe, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu, haikuwa na milango wala madirisha. Sisi tuliotoka Congo tulikuwa na kelele. Tulizungumza Kiswahili chetu kwa sauti, tukafungulia redio, tukacheka barabarani. Wenyeji walionusurika walitutazama kama wageni waliofika matangani wameshiba. Sikuona hilo wakati ule. Nilikuwa na uchungu wangu wa goti, na mtu mwenye uchungu wake haoni wa mwingine.

Timu ya mji ilikuwa imekufa. Aliyeifufua ni mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa pale Kamembe, muuza magodoro na vitenge, mtu mnene mwenye moyo mwepesi na hasira nyepesi zaidi. Aliwapa wachezaji vyumba nyuma ya duka lake, akawapikia, akaniita mimi niwafundishe kwa sababu alikuwa ameniona Bukavu nikivunja watu. Nilifundisha kama nilivyocheza. Nilipiga kelele, nilitukana, niliwakimbiza kwenye mteremko wa kwenda ziwani mpaka wakatapika. Nilikuwa najua jambo moja tu: nikiupoteza mpira, sina kitu. Hilo wachezaji walilinusa, wakaniogopa, na kwa misimu miwili tukawa timu.

Msimu wa tatu ulikuwa mbaya. Ng'ambo ya mto, Congo ilikuwa inawaka kwa mara ya pili, na asubuhi nyingine tulifanya mazoezi tukisikia milio kutoka upande wa Bukavu. Kipa wa akiba alikwenda jeshini. Tulipoteza mechi tukapoteza tena. Ikabaki mechi moja, nyumbani, na tulihitaji sare tu ili tusishuke daraja. Mfanyabiashara aliniita dukani, akaketi juu ya rundo la magodoro, akaniambia bila kupandisha sauti:

"Coach, mukianguka division, miye naacha. Nilisaidia timu, sikuoa timu."

Siku tatu baadaye, katika mazoezi, kipa wetu aliyebaki alianguka vibaya akavunjika mfupa wa bega. Nilimtazama akilia pale chini na, Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga teke.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyevuka kutoka Bukavu mwezi ule, ana mashati mawili na godasi zake, viatu vya mpira, zimefungwa shingoni kwa kamba. Klabu yake kule ilikuwa imesambaratika, nusu ya wenzake wamechukuliwa kwenda kupigana. Alikuwa kipa. Nilimpigia mashuti ishirini kwa mguu wangu mzima, akadaka kumi na saba. Lakini muda wa kusajili wachezaji ulikuwa umepita zamani. Bila leseni, hakuwa mchezaji. Alikuwa mtu tu aliyevuka mpaka.

Ndipo nikalikumbuka kopo. Lilikuwa kopo la biskuti tulilolikuta katika nyumba ya katibu wa zamani wa timu, limejaa leseni za wachezaji wa kabla ya jenosidi. Vikadi vya karatasi ngumu, vyenye jina, tarehe ya kuzaliwa, picha, na muhuri wa zambarau uliopanda kidogo juu ya pembe ya picha. Wengine kati yao waliuawa. Wengine walikimbilia Congo, na sitaki kusema walichokuwa wamekifanya kabla ya kukimbia. Ofisi ya ligi ilikuwa bado inapokea zile leseni za zamani, kwa kuwa kumbukumbu nyingi zilikuwa zimepotea. Mmoja wa wenye vikadi vile alikuwa kipa, umri wake ukikaribiana na wa kijana wangu. Nilijua kwamba aliuawa. Hilo nalisema wazi, nisije nikajificha nyuma ya kutojua.

Uwanja wetu ulikuwa na desturi moja ambayo sikuikuta kwingine kokote nilikocheza. Kwingine, kabla ya mechi, mwamuzi huwapanga wachezaji mstarini, anasoma jina, mchezaji anajibu. Kwetu hapana. Leseni zilikaguliwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, mlango umefungwa, mchezaji anaonyesha kadi na uso wake, basi. Waamuzi waliokuja mara kwa mara walikuwa wameshazoea. Niliiona kuwa ni ustaarabu wa watu wa mji mdogo, na wiki ile nikaiona kuwa ni bahati yangu. Jina halitasomwa, nani atajua?

Nilimwonyesha nahodha kile kikadi. Alikuwa mchezaji pekee wa timu ya zamani aliyebaki hai, winga mwenye maneno machache. Alikitazama, akakirudisha haraka.

"Coach, ule muntu umuache apumuzike," alisema. "Kuko bitu hatufanyake hapa."

Nikamuuliza kama angependa kwenda kuvua sambaza, vile visamaki vya ziwani, kule Nkanka msimu ujao. Akageuka akaenda zake.

Niliifanya kazi hiyo mchana kweupe, mezani kwangu. Sahani ya maji ya uvuguvugu, wembe mpya, gundi. Niliilowesha picha nikaanza kuikwangua kutoka kwenye kona. Gundi ya zamani ilikuwa kali. Picha haikutoka nzima, ilitoka vipande vipande, na wembe ukaacha kidonda kwenye karatasi chini yake. Nilikuwa nimekaza macho kwenye kona nne, nikiogopa kuutoboa muhuri. Kisha nikabandika picha ya kijana, nikachukua wino wa zambarau na kizibo cha soda, nikaumalizia muhuri juu ya pembe yake. Nikajisifu, kwa kweli. Maji yale yenye vipande nikayamwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Jioni hiyo nilikwenda sokoni kununua sambaza za wachezaji, kama kila wiki. Nilikuwa mteja wa kudumu wa mama mmoja mrefu aliyekaa mwisho wa safu ya wauza samaki. Watu walimwita Maman wa sambaza. Wenzake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao, yeye kwa jina la samaki, na katika miaka mitatu sikuwahi kujiuliza kwa nini. Alinipimia, kisha akaongeza konzi moja nzima juu, kama alivyofanya siku zote.

"Hii ni ya batoto ya timu," alisema.

Nilimtania kwamba anatulisha lakini uwanjani hatujamwona hata siku moja. Aliendelea kufunga samaki.

Siku ya mechi, wapinzani walifika kutoka ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, na pamoja nao kamisaa wa mechi ambaye hatukuwahi kumwona. Mtu wa makaratasi, suti imenyooka, kipaza sauti cha mkono kinaning'inia begani. Kocha wa wapinzani alikuwa amemnong'oneza kwamba huku mpakani tunachezesha watu wasiojulikana. Kamisaa akakataa kuingia chumbani. Akasema kanuni ni kanuni, akazipanga timu zote mbili katikati ya uwanja, akainua kipaza sauti na kuanza kusoma majina.

Alianza na wapinzani. Sijui niseme vipi kilichotokea. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wakiimba, na kufikia jina la nne au la tano hapakuwa na mtu aliyekuwa akiimba. Mzee mmoja karibu na benchi letu alivua kofia, akainuka, akaondoka bila kuangalia nyuma. Kisha akainuka mwingine. Mwanamke alianza kuguna kwa sauti ya chini kama mtu mwenye uchungu wa tumbo. Watu walikuwa wanatoka uwanjani, mmoja mmoja, na wale waliobaki walikuwa wanatazama chini.

Nilimgeukia nahodha. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na hatujakimbia bado.

"Hawa wana nini?" nilimuuliza.

"Njo hapa balikuwa banaita batu, wakati ya jenosidi," alisema. "Balileta batu hapa, bakabafungia. Kila siku bengine bakakuya na liste, banasoma. Wenye jina yake inasomwa anatoka. Hakuna mwenye alirudia." Akajifuta jasho kwa mkono. "Nilizania unajua. Bote banajua."

Kamisaa alifika kwetu. Akasoma jina la kipa. Sauti ilitoka kwenye kile kipaza, ikapiga ukuta, ikarudi. Kijana wangu, ambaye nilikuwa nimemwapia kwamba hataitwa, alisita, akanitazama, kisha akainua mkono na kujibu, "Niko!"

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nilitaka kuingia uwanjani nikaseme hapana, nimekosea, tunaiacha mechi. Goti halikunizuia. Nilijizuia mwenyewe. Nilikuwa nahesabu: dakika tisini, sare tu.

Tulicheza kipindi cha kwanza mbele ya watu wachache waliokaa kimya. Bila bila. Filimbi ilipopigwa ya mapumziko, niliona watu kwenye lango wakifungua njia. Maman wa sambaza alikuwa anaingia, na kitenge chake cha kazi, magamba ya samaki yakimeta mikononi. Mtu alikuwa amekimbia sokoni kumwambia kwamba mtoto wake ameitwa uwanjani na ameitika.

Sikuhitaji kuelezwa. Nilijua hapo hapo kwa nini hakuna aliyemwita kwa jina la mtoto, kwa nini hakuja uwanjani, konzi ya kuongeza ilikuwa ya nani.

Kocha wa wapinzani alimkimbilia kamisaa, na kamisaa akaja na kile kikadi mkononi, mara hii na askari wawili wa pale langoni. Aliongea kwa utulivu. Alisema ikiwa mchezaji huyu siye mwenye kadi, basi hili si jambo la mpira tena. Ni mtu aliyevuka kutoka Congo wakati wa vita akiwa na karatasi za uongo, na ataondoka na hawa askari sasa hivi. Kijana alikuwa amesimama kati yao, glovu bado mikononi, midomo imekauka. Alikuwa ananitazama mimi. Wote tulijua maana ya kuchukuliwa katika miezi ile kama huna wa kukujua. Na mimi, ambaye nilipaswa kusema mbele ya wote kwamba kosa ni langu, wembe ni wangu, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nimesema hapo mwanzo kwamba kazi yangu ilikuwa kuondoa. Siku hiyo sikuondoa chochote.

Kamisaa alimpa mama kikadi. Akamuuliza kwa Kinyarwanda kama huyu ni mwanawe. Mama alifuta mikono kwenye kitenge, upande mmoja, upande wa pili, akakipokea kwa mikono miwili. Aliisoma ile kadi muda mrefu. Alipitisha kidole gumba juu ya picha, taratibu, kwenye kingo zake. Kisha akamtazama kijana. Alimjibu kamisaa kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni, tukasikia sote.

"Njo yeye. Njo mutoto yangu."

Akamgusa kijana shavuni, akarudisha kadi, akatoka. Kamisaa aliomba radhi.

Kipindi cha pili kijana alidaka kila kitu. Alidaka kwa mikono, kwa kifua, mara moja kwa uso, na machozi yalikuwa yanamtoka muda wote kama maji ya bomba bovu. Iliisha bila bila. Hatukushuka daraja. Mfanyabiashara alinikumbatia, akacheka, akaona sura yangu, akaacha. Kijana alivua jezi, akaikunja, akaiweka mapajani mwangu.

"Coach, sitaitikia tena ile jina," alisema. "Afazali vita."

Asubuhi iliyofuata alivuka daraja kurudi Bukavu. Sikumsikia tena, na sijui kama yuko hai.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Jioni ile ile ya mechi, Maman wa sambaza alikuwa ananisubiri nje ya lango, amesimama mbali kidogo na ukuta. Nilianza kumshukuru. Alinikata.

"Nilisema yenye ulikuwa unataka niseme. Sikuweza, muntu kuitwa pale tena na kubebwa, na miye niko naangalia. Sasa unipe foto."

"Foto gani, Maman?"

"Ya mutoto yangu. Yenye uliondoa juu ya karte. Nyumba yangu baliichoma na bitu byote. Sina hata moja. Nilikuwa nawaza zote zilikufa." Alinyosha mkono, kiganja juu. "Unipe."

"Iko nyumbani," nilisema. "Nitakuletea kesho asubuhi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Nilisema kwa sababu mkono ulikuwa umenyooshwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye migomba. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili tangu nimwage yale maji. Nilipiga magoti, goti zima na goti bovu, nikachambua udongo kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Mke wangu alitoka akaniuliza nimepoteza nini, nikamfokea arudi ndani. Nilipata vifuniko, mifupa ya kuku, ganda la betri. Nilipata kipande cha karatasi nyeupe kisichozidi ukucha, hakina kitu juu yake, na nikakaa nacho kiganjani, nikikigeuza huku na huku, nikimwomba Mungu kwamba upande mmoja uwe na kitu. Haukuwa nacho.

Asubuhi nilikwenda sokoni. Aliiona mikono yangu kabla ya kuniona mimi.

"Hukuileta."

"Imepotea, Maman. Niliikwangua. Ilitoka vipande." Hilo angalau nililisema.

Hakulia wala hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea kwa furaha. Alikaa akizitazama sambaza zake.

"Lakini ulimuona," alisema mwishowe. "Mbele ya kumuondoa, ulimuangalia."

"Nilimwangalia."

"Basi uniambie. Alikuwa namna gani? Miye sura yake imeanza kunipotea. Usiku nikifunga macho, naona jezi tu, naona mikono. Uniambie sura."

Nilizikumbuka kona nne. Nilikumbuka wembe, muhuri, kizibo cha soda. Nilikaa na uso wa mwanawe mbele yangu mezani kwa nusu saa, labda mimi ndiye mtu wa mwisho duniani aliyekuwa nao, na sikuutazama. Mama alikuwa ameinua macho, anangoja. Nikampa kitu ambacho niliona kila mama angekitaka.

"Alikuwa anacheka, Maman. Anacheka vizuri sana."

Alinitazama mpaka nikatazama chini.

"Ule mwezi mupira ulimuvunja meno ya mbele," alisema. "Nilimupeleka ku fotografe miye mwenyewe. Alifunga kinywa. Aliona haya."

Kisha akachukua bakuli lake, akanipimia sambaza za wachezaji kama kila wiki. Akaongeza konzi moja nzima juu. Akafunga vizuri kwenye majani, akanisogezea.

"Hii ni ya batoto," alisema. "Weye usikuye tena. Utume mwingine."

Nikamtuma katibu.